Fimbo Nyeusi Chini ya Waya

Horace Widdowson alidhani ni nyuki. Alikuwa amesimama peke yake juu ya tuta la mto Trent, nje kidogo ya kijiji cha Marnby, fimbo yake mpya ya kuvulia ameishika wima mkononi, na sauti nyembamba ya kuvuma ilikuwa karibu sana na sikio lake. Aligeuza kichwa. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, umande mzito, na nyuki wote wa Marnby walikuwa wamekwisha jifungia mizingani. Kisha akahisi kitu kama sisimizi wakitembea chini ya ngozi ya kiganja.

Alitazama juu. Ncha ya fimbo ilikuwa inaelekea waya za umeme zilizokatiza juu ya tuta, na nafasi iliyobaki kati yake na waya ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kudhani.

Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliishusha ile fimbo polepole sana, kama mtu anayemlaza kitandani mtoto aliyesinzia, mpaka ikalala juu ya majani. Sauti ikakatika. Akakaa chini kando yake, na siku hiyo hakuvua.

Jioni, mkewe Mavis alimwekea bakuli la njegere za kupondwa zenye mchuzi wa mnanaa, chakula anachokipenda kuliko vyote, naye akakizungusha kwa kijiko bila kukila.

"Una nini, bata wangu?" Mavis aliuliza. Huku kwetu kila mtu ni bata: mume, mtoto, hata mgeni dukani.

"Ile fimbo imevuma."

"Imevuma vipi? Kwa upepo?"

"Hapakuwa na upepo."

Mavis alimtazama, kisha akaitazama ile fimbo kwenye mfuko wake pale mlangoni, akaichukua na kuipandisha juu ya kabati la chumbani, mbali na mikono.

Fimbo ile ilikuwa zawadi. Horace alifanya kazi tangu ujana katika kiwanda cha soksi, akizitengeneza mashine za kufuma kila zilipokwama. Ukumbi wa mashine ulikuwa na kelele kiasi kwamba watu wake walizoea kuzungumza kwa midomo tu, bila kutoa sauti, na kusomana midomo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana Horace ana sauti ndogo mpaka leo. Ukimpigia simu utadhani laini ni mbovu. Alipostaafu majira ya joto, wenzake walijua anachokipenda, wakachanga na kumnunulia fimbo ya kaboni, ile mpya ambayo wavuvi wa mjini walikuwa wameanza kushinda nayo mashindano yote.

Kabla ya hapo alikuwa na fimbo moja tu, aliyoiunda mwenyewe alipokuwa bado hajaoa. Kitako chake ni tete nene, katikati mwanzi, ncha yake vipande vyembamba vya mwanzi vilivyochongwa na kugandishwa pamoja. Vipande vinaungwa kwa mabomba mafupi ya shaba. Pete za kupitishia mshipi alizifunga kwa uzi wa hariri kutoka kiwandani, rangi ya divai, na kila majira ya baridi aliipaka vanishi upya mbele ya moto mpaka nyumba nzima ikanuka. Ni nzito. Ikifika saa sita mchana, kifundo cha mkono kinauma. Na ni ya polepole: boya linazama, unavuta, na fimbo inakwenda kujipinda kwanza, inafikiri, ndipo habari inafika kwenye ndoano. Samaki wengi wa mapezi mekundu walikuwa wamekwisha tema chambo na kwenda zao. Lakini akinasa mmoja, ile fimbo inajipinda naye hadi kwenye kitako, inampa nafasi, inamchosha, na hata mshipi mwembamba kama unywele haukatiki.

Ile nyeusi ni kitu kingine kabisa. Ni nyepesi kama mwavuli. Ukivuta, ncha imekwisha itika kabla hujamaliza kuwaza. Boya dogo kabisa unaweza kulitupa hadi katikati ya mto, na samaki akitikisa kichwa chini ya maji, unakihisi kichwa hicho kwenye kiwiko. Wiki za mwanzo Horace aliipenda kwa aibu, kama mzee aliyeoa tena. Mwiko wake alioujua ulikuwa mmoja tu: usiikanyage, itavunjika. Mwingine hakuna aliyemwambia.

Basi Ijumaa iliyofuata alikwenda kwenye baa ambako chama cha wavuvi hukutana, akawaeleza wenzake. Alieleza kwa sauti yake ile, na ilimbidi aeleze mara mbili.

"Ngoja, ngoja," alisema Len Truswell, mwuza nyama wa Marnby, rafiki yake tangu shule. Len alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. "Unasema fimbo inakuimbia? Mavis anajua?"

Baa nzima ikacheka.

"Sitanii, Len. Imenitekenya mkono."

"Imemtekenya! Kijana amestaafu juzi tu, tayari anatekenywa na fimbo!" Wanaume wa huku huitana kijana hata wakiwa na meno ya bandia.

Reg Gadsby, katibu wa chama, hakucheka sana, lakini alitikisa kichwa. "Horace, babu yangu alipita chini ya waya zile. Baba yangu akapita. Aliyewahi kufa pale ni ng'ombe tu, naye alizama."

"Babu yako alibeba mwanzi, Reg. Hii ina kaboni. Kaboni inapitisha umeme. Na tuta limeinuliwa."

Hilo la tuta lilikuwa kweli. Baada ya mafuriko ya mwisho walikuja na magari ya udongo wakaliongeza kimo. Waya hakuna aliyeziinua.

"Kwa hiyo tukiondoe Kigingi cha Waya?" Reg aliuliza, na hapo kicheko kikaisha. Kando ya mto kila mvuvi huvua penye kigingi chake, nacho hupatikana kwa kura, na hicho cha chini ya waya ndicho kila mtu anachokiombea. Kituo cha umeme kiko juu kidogo, maji yake ya uvuguvugu yanateremka yakipita upande huo, na samaki wanajipanga pale majira yote ya baridi kama watu mbele ya duka la chipsi. Anayekipata kigingi hicho huwa amekwisha shinda nusu.

"Hatukiondoi," alisema Len. "Bora tumwondoe Horace. Kijana, kama unaiogopa, niazime mimi. Mkono wangu hautekenyeki, una mafuta mengi."

Horace, na hili baadaye lilimnyima usingizi kuliko mengine yote, alihisi nafuu. Alitaka fimbo ile itoke nyumbani. Siku ya pili aliishusha kutoka juu ya kabati, akaipeleka buchani, akaikabidhi juu ya meza ya nyama.

"Lakini si chini ya waya, Len. Niahidi."

"Naahidi, naahidi. Chukua soseji umpelekee Mavis, umtulize."

Mashindano ya Novemba yalianza kwa ukungu. Ulikuwa umelala juu ya mto tangu usiku, mweupe na mzito, na ukisimama mlangoni mwa baa hukuweza kuona barabara. Wavuvi walikusanyika katika kibanda cha nyuma, wakinywa chai kutoka kwenye chupa zao na kula mikate ya mviringo yenye nyama ya nguruwe, na kila mmoja akiunga fimbo yake.

Desturi hii ya kuunga fimbo kibandani ni ya zamani kuliko baa yenyewe. Mwanzi na tete hunywa unyevu. Ukiziunganisha ukingoni penye umande, zinavimba ndani ya shaba na jioni hazichomoki tena. Kwa hiyo wazee waliunga fimbo pakavu, wakazibeba nzima hadi kwenye vigingi, na kuzirudisha nzima. Na kwa kuwa kuna vichaka pande zote mbili za tuta, walizibeba wima ili mishipi isinase. Ukiwaona asubuhi wakipita kwa mstari utadhani jeshi la mikuki. Zilipokuja fimbo za kaboni, ambazo hazinywi maji wala hazivimbi, hakuna aliyejiuliza kwa nini bado wanaziunga kibandani. Ndivyo inavyofanyika.

Reg akapitisha kofia yake yenye vikaratasi vya kura. Horace alipata kigingi cha mbali, penye matope. Len akafungua chake, akakisoma, akakibusu.

"Kigingi cha Waya! Nendeni nyumbani nyote, mkalale!"

Watu wakamzomea kwa wivu. Horace alimwendea, akamshika mkono wa koti.

"Len. Uliahidi."

"Niliahidi kabla Mungu hajanipa kigingi."

"Chukua fimbo yangu hii. Tubadilishane." Akamnyooshea ile ya mwanzi.

Len aliipima mkononi mbele ya watu wote, akajifanya anazidiwa na uzito, magoti yakamkunjika. "Jamani, nisaidieni! Kuna mtu amening'oa mti!"

Kicheko tena. Horace alijaribu kusema jambo jingine, lakini maneno yalitoka kwa midomo tu, kama kiwandani, na Len hakuwa mtu wa kiwandani.

"Twende, twende, filimbi ya kuanza iko karibu," Reg alihimiza. Wakatoka.

Walipanda tuta kwa mstari mmoja, Len mbele kabisa maana alikuwa na haraka, Horace nyuma yake, Reg na wengine wakifuata na vikapu vyao. Ukungu ulimeza kila kitu. Horace aliiona ile fimbo nyeusi mbele yake ikipanda kutoka bega la Len na kupotelea juu katika weupe, kana kwamba haina mwisho. Hakuweza kuona nguzo. Hakuweza kuona waya. Alijua tu kwamba ziko mahali fulani huko juu, na kwamba zinakaribia kwa kila hatua.

Alianza kutafuta alama chini. Lango la shamba la Shelton: limepita. Birika la ng'ombe: limepita. Baada ya birika ni ule mteremko, na baada ya mteremko...

"Len," aliita.

Len alikuwa anaimba.

"Len! Ilaze chini!"

"Unasemaje, kijana?" Sauti ya Len ilirudi kwa furaha kutoka mbele.

Ndipo Horace akasikia tena wale nyuki. Safari hii hawakuwa karibu na sikio lake. Walikuwa mbele, juu, ndani ya ukungu, na sauti yao ilikuwa inapanda. Alivuta pumzi akapiga kelele kwa nguvu zote za kifua chake, pengine kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, na kelele ile ilitoka imekwaruza, imevunjika, ndogo.

"Chini! Ishushe chini!"

Len aligeuka. Horace aliuona uso wake mpana ukitabasamu. Alikuwa amesikia, alikuwa ameelewa, na alikuwa amekwisha tunga mzaha. Aliinua fimbo kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, kama mshika bendera mbele ya bendi, akapiga mguu chini kwa heshima.

"Ndiyo, bwana mku..."

Ukungu wote ukawa wa buluu.

Hapakuwa na ngurumo, ila mlio mmoja mkavu kama wa ubao kupasuka. Halafu giza machoni, ingawa ilikuwa asubuhi, na harufu ambayo Horace aliijua kutoka kwenye mota za mashine zilizoungua. Macho yalipomrudia, Len alikuwa chini, amelala kifudifudi kwenye majani, na buti lake moja linafuka moshi. Fimbo haikuonekana.

Horace alikuwa karibu naye kuliko wote. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama kama walivyopigwa na mwanga, na Reg alikuwa anasema neno moja tu tena na tena. Mtu akapiga kelele, "Usimguse! Bado ana umeme! Usimguse!"

Iko wapi fimbo? Imeanguka, au imening'inia juu kwenye waya, na mshipi wake uliolowa umeshuka hadi kwenye mwili wa Len? Horace alitazama juu, akaona weupe tu. Alitazama majani, hakuona kitu. Akaikumbuka fimbo yake ya mwanzi. Mwanzi haupitishi umeme. Tangu mwanzo hilo ndilo alilokuwa akilisema. Angeweza kumsukuma Len kwa fimbo yake ya zamani, kutoka mbali, kwa usalama.

Akaitazama. Ilikuwa inang'aa. Ukungu ulikuwa umeipaka maji kutoka ncha hadi kitako, matone yakining'inia kwenye kila pete, na maji yakimtiririkia kwenye vidole. Miaka yote ile aliibeba chini ya waya, katika mvua, katika theluji, akidhani ni ule mwanzi uliomlinda. Ilikuwa bahati tu. Ilikuwa tuta fupi, na bahati.

Alifungua mikono, ikaanguka. Hakujua kama majani yaliyolowa yatampitishia umeme. Hakujua kama ataligusa koti la Len na kuwa wa pili. Alichojua ni nani aliyeileta ile fimbo juu ya meza ya nyama. Akapiga magoti, akatambaa, na kila mara alipoweka kiganja chini alikaza meno akingojea.

Alimshika Len kwenye kola. Hakikutokea kitu.

Alimgeuza. Macho yalikuwa wazi, hayaoni. Kifua kimetulia. Horace aliwahi kufundishwa jambo hili kiwandani, kwa ajili ya watu wanaoguswa na mota, na hakuwahi kulitumia. Aliweka mikono yake juu ya kifua kile kinene, akasukuma, akasukuma, akampulizia mdomoni, akasukuma. Reg alikimbia kwenda kupiga simu. Wengine walifika mmoja mmoja, fimbo zao wamezilaza chini kimya kimya kando ya njia, na hakuna aliyewaambia wazilaze.

Len alikohoa. Ilikuwa sauti mbaya, ya mnyama, na Horace hajawahi kusikia nyingine nzuri kama hiyo.

Len alikaa hospitali majira yote ya baridi. Walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia na kingine cha mguu, mahali umeme ulipotoka mwilini. Kila Jumapili Horace na Mavis walikwenda kumtazama. Mara ya kwanza Horace alisimama mlangoni mwa wodi, hakuweza kuingia.

"Pita ndani, kijana," Len alisema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu mmoja tu sasa. "Sina cha kukuazima."

Horace akaingia, akakaa, akalia, na Len akatazama dirishani mpaka alipomaliza.

Chama kiliking'oa Kigingi cha Waya. Reg alikichomoa mwenyewe, hakuita kikao. Kibanda sasa ni cha chai tu. Kila mtu anabeba fimbo yake ikiwa vipande ndani ya mfuko na kuiunga akishafika. Wazee wawili wenye fimbo za mwanzi walinung'unika habari ya mwanzi kuvimba ndani ya shaba. Horace hakubishana nao. Yeye hakuwa amevua tangu siku ile.

Juni, msimu wa kuvua ulipofunguliwa tena mtoni, Len alitokea mlangoni kwa Horace asubuhi mapema na mfuko mrefu chini ya kwapa.

"Nimejaribu ile yangu ya zamani bustanini," alisema. "Siwezi. Mkono huu hauwezi tena kushika mzigo. Inanitoka." Akafungua zipu ya mfuko kidogo, akaonyesha. Ndani kulikuwa na weusi unaong'aa. "Hii naweza. Ndiyo peke yake ninayoweza, Horace. Nimenunua mwenyewe, usinitazame hivyo. Lakini kuiunga siwezi kwa vidole hivi."

Horace alitazama mfuko ule kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata.

"Mavis," alisema bila kugeuka, "niletee buti zangu."

Walikwenda wawili tu. Horace alibeba mfuko kwa mikono miwili, umelala, chini ya kiuno, mbali na mwili. Asubuhi ilikuwa safi, mbingu buluu tupu, na waya zilionekana wazi kutoka mbali, tatu, zimelegea kidogo katikati. Karibu na birika la ng'ombe alipunguza mwendo. Jasho lilikuwa linamtoka. Chini ya waya alitembea ameinama, ingawa hapakuwa na haja, na Len, aliyekuwa mrefu kuliko yeye, akainama pia.

Walipita. Walikwenda mbali sana, mbali kuliko ilivyohitajika, mpaka Len akamwambia basi. Horace alitua mfuko, akatazama juu kila upande, akatazama tena. Akatoa kipande cha kwanza, akatoa cha pili, akaviunga. Alipotia cha tatu mikono ilitetemeka hivi kwamba Len alilazimika kukishika kwa kiganja chake kibovu.

Kisha Horace akainua ncha kidogo kutoka kwenye majani, akatega sikio.

"Inasemaje?" Len aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nyamaza kwanza," alisema Horace.